Gitaa la Solo Likirudishwa Kwenye Amplifaya

SWALI: Ninarekodi bendi ya dansi katika studio ndogo. Gitaa la solo nililichomeka moja kwa moja kwenye intafesi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta na kuitoa), kisha nikaitoa traki hiyo kupitia tundu la spika za studio hadi kwenye amplifaya, ili niirekodi upya kwa maikrofoni. Sauti inakwaruza hata nikipunguza amplifaya, na muungurumo haukomi. Mpigaji ameikana, anasema hilo si gitaa lake. Tatizo ni nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Yaelekea amplifaya yako ni nzima, ila inapokea isichokitarajia. Tundu hilo limekusudiwa mitambo ya studio, hivyo linaweza kutoa mawimbi yenye nguvu kuliko ya pikapu (sumaku za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi) kwa desibeli 20 au zaidi, na ukinzani wake wa umeme ni mdogo mno ukilinganishwa na wa gitaa. Kinachohitajika katikati ni kisanduku cha riampu, yaani cha kuirudisha traki iliyorekodiwa kwenye amplifaya, kifaa ambacho mhandisi wa sauti Mmarekani, John Cuniberti, alikiingiza sokoni katika miaka ya 1990. Kisanduku hicho hushusha nguvu ya mawimbi na kupandisha ukinzani; chenye transfoma hutenganisha pia ethi ya intafesi na ya amplifaya, ambako muungurumo wa namna hiyo huanzia mara nyingi. Usijaribu kamwe kuutibu kwa kukata waya wa ethi kwenye plagi, kwa sababu waya huo unalinda maisha ya mpigaji.

Ukishakipata, usikisie kiwango. Chomeka waya unaotoka kwenye kisanduku katika tundu lile lile la intafesi ulilorekodia gitaa, bila kugusa kitasa chake cha gain (cha kuongeza nguvu ya mawimbi yanayoingia), na uzime usikilizaji wa chaneli hiyo ili sauti isijizungushe na kupiga yowe. Cheza traki ya zamani huku ukiirekodi upya, ukirekebisha kitasa cha kisanduku mpaka vilele vya traki hizo mbili, yaani sehemu zenye sauti kubwa kabisa, vilingane, kisha hamishia waya kwenye amplifaya. Sasa inapokea kiasi kile kile ambacho gitaa lingeipa.

Kagua pia traki yenyewe. Ikiwa gitaa liliingia kwenye tundu la kawaida la laini (la mitambo ya studio), lenye ukinzani wa omu 10,000 hivi badala ya milioni 1 ya tundu la Hi-Z (la gitaa), pikapu zilielemewa na mng'ao wa juu ukafifia. Ikwalaiza, kirekebishi cha sauti za juu na za chini, itaurudisha nusunusu tu. Mimi ningemwita mpigaji arudie. Safari hii aisikie amplifaya yake wakati anapiga, kwa kuwa mkono wa mpiga solo hufuata anachosikia, na mguso huo hauongezwi baadaye.

Maikrofoni iache mwisho. Ianzie karibu na kitambaa cha spika, kati ya kitovu na ukingo. Sauti ikichoma, isogeze sentimita moja au mbili kuelekea ukingoni kabla hujagusa kitasa chochote.