Barua ya mwajiri haitengenezwi steshenari

Swali

Habari za kazi, mshauri. Mimi ni mhasibu msaidizi, naishi Arusha, nina shahada ya uhasibu. Naandaa maombi ya ukaazi wa kudumu Canada kupitia Express Entry, mfumo wa Canada wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi, kwenye mpango wa Federal Skilled Worker. Mtihani wa Kiingereza nimefanya na alama zinatosha, shahada imeshatathminiwa. Kinachonikwamisha ni barua za kazi. Kampuni ya utalii niliyoanza nayo Januari 2021, ambako nipo mpaka leo, imenipa barua ya mistari mitatu. Hoteli niliyofanya kazi kabla ya hapo, 2017 hadi 2020, ilifungwa wakati wa korona na mwenyewe hapatikani. Kuna wakala hapa mjini anasema nisihangaike. Atanitengenezea barua zote mbili, cheo ataandika "Mhasibu", majukumu atayanakili neno kwa neno kutoka orodha ya kazi ya Canada chini ya namba 11100, na muhuri wa hoteli atauchongesha. Anataka laki nane. Wenzangu wawili amewafanyia hivyo na wamefika. Je, kuna ubaya gani kama kazi yenyewe niliifanya kweli?

Jibu

Dada yangu, ubaya upo, na ni mkubwa. Nashukuru umeuliza kabla ya kumlipa.

Nianze na hilo swali lako la mwisho, kwa sababu wanaoponzwa nalo ni watu waaminifu. Mtu kazi ameifanya kweli, miaka ameitumikia kweli, basi anaona karatasi ikiandikwa na mwingine si neno. Ofisa wa uhamiaji hakuwahi kukuona mezani kwako. Kitu pekee anachoweza kukipima ni kama barua iliyo mbele yake imetoka kwa mtu ambaye jina na sahihi yake vipo pale chini. Akigundua muhuri umechongwa, habari ya kwamba uliwahi kufanya kazi kwenye hoteli ile haikusaidii tena. Umeshaingia kwenye kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji ya Canada, kinachohusu taarifa za uongo na taarifa zilizofichwa. Adhabu yake tangu Novemba 2014 ni kufungiwa miaka 5. Zamani ilikuwa 2. Ndani ya miaka hiyo huingii Canada, na maombi ya ukaazi wa kudumu hupeleki.

Na usisome usalama wako kwenye hao wenzako wawili. Ukaazi uliopatikana kwa karatasi za uongo unaweza kuondolewa baada ya miaka mingi, na hata uraia unaweza kufutwa. Siku ambayo mmoja wao atajaza fomu ya uraia, au ya kumleta mzazi, historia yake ya kazi inaweza kufunguliwa upya. Wakala hatakuwapo siku hiyo.

Sasa tazama huo uongo ungekununulia nini. Mfumo wa alama za Express Entry, ule unaokupanga kwenye foleni na waombaji wengine, unahesabu uzoefu wa nje ya Canada mpaka miaka 3 tu. Ukifika 3, mwaka wa kumi hauongezi kitu. Wewe umeanza kampuni ya sasa mwaka 2021, kwa hiyo kazi hii peke yake imeshakufikisha ukomo. Kwenye kipimo kingine, kile cha alama 67 kati ya 100 za kustahili mpango wenyewe, miaka 4 hadi 5 ya kazi inakupa alama 13 na miaka 6 kwenda juu inakupa 15. Tofauti ni alama 2. Kama 67 unazivuka bila hizo 2, na kwa shahada yako na Kiingereza kizuri kuna uwezekano mkubwa unazivuka, basi unataka kulipa laki nane na kuhatarisha miaka 5 kwa ajili ya barua ambayo huihitaji. Hesabu hii wakala hakukufanyia, na sidhani kama anaijua.

Hoteli isifichwe, lakini. Fomu itakudai historia yako yote ya miaka 10 iliyopita bila pengo la hata mwezi mmoja, na humo hoteli iandike kama ilivyokuwa: jina, cheo ulichokuwa nacho, mwezi wa kuanza na wa kuacha. Kutaja ulikuwa wapi ni jambo moja, kudai alama kwa kazi hiyo ni jambo jingine. Barua kamili inadaiwa pale unapodai alama.

Nije kwenye kosa ambalo limenichosha kuliko yote katika kazi hii: kunakili majukumu ya NOC, ile orodha ya kazi ya Canada. Watu wameaminishana kwamba barua nzuri ni ile inayofanana na tovuti. Ofisa anayepitia maombi ya wahasibu ameisoma orodha ya 11100 mara nyingi kuliko wewe, mimi na huyo wakala tukijumlishwa. Akikuta sentensi zake mwenyewe zimerudi kwake kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni ya Arusha, kwa mpangilio uleule, anachojifunza ni kwamba mwajiri hakuiandika barua hiyo. Hapo barua imepoteza kazi yake hata kama kila neno ni la kweli.

Tena kwa maelezo yako, namba yenyewe huenda si hiyo. 11100 ni wahasibu na wakaguzi: anayesimika mifumo ya hesabu, anayechambua taarifa za fedha na kumshauri mwenye biashara. Msaidizi anayeingiza miamala, anayetunza leja, anayefanya usuluhisho wa benki na kuandaa urari wa mwezi, huyo yuko karibu zaidi na 12200, watunza hesabu na mafundi wa uhasibu. Najua watu wengi wanaona ni kujishusha. Si kujishusha. Namba zote mbili zinakubalika kwenye mpango unaouomba, na mfumo haukupi alama moja zaidi kwa kujiita mhasibu kamili. Kinachotakiwa ni kwamba kazi uliyofanya ilingane na maelezo ya jumla ya namba uliyochagua na sehemu kubwa ya majukumu yake makuu. Cheo kilichoandikwa kwenye mkataba wako si kigezo. Kikibaki "Mhasibu Msaidizi", kibaki hivyo hivyo. Barua ikisema "Mhasibu" na mkataba, hati za mshahara na taarifa ya NSSF zikionyesha msaidizi, umejitengenezea mgongano ambao haukuwapo.

Rudi kwa mwajiri wako. Barua ya mistari mitatu aliyokupa naijua bila kuiona: "kwa yeyote anayehusika", fulani ameajiriwa kwetu tangu tarehe fulani, ni mchapakazi na mwenye nidhamu. Kwa benki inatosha. Kwa Canada inakosa karibu kila kitu. Inatakiwa iwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, na anwani, simu na barua pepe za kampuni. Itaje vyeo vyote ulivyoshika na tarehe zake, kama bado upo kazini, saa unazofanya kwa wiki, mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu, na majukumu. Itiwe sahihi na msimamizi wako wa karibu au ofisa utumishi, jina na cheo chake vikisomeka. Saa za wiki ndizo husahaulika zaidi, na bila hizo ofisa hawezi kuhesabu saa 1,560 za mwaka mmoja mfululizo ambazo mpango unazidai. Saa 30 kwa wiki zinatosha. Ukifanya 45 hazikufikishi haraka zaidi, lakini andika za kweli.

Kwenye majukumu, kaa na bosi wako umkumbushe kazi unazozifanya, halafu yeye aandike. Kukumbusha si kosa. Jukumu lililonakiliwa linasomeka hivi: "hutunza kumbukumbu za fedha na kuandaa taarifa mbalimbali." Lililoandikwa na mtu aliyekusimamia linasomeka hivi: "Kila jioni hulinganisha ripoti ya Z ya mashine ya EFD na mauzo ya safari yaliyoingizwa kwenye Tally, kwa shilingi na kwa dola. Huandaa orodha ya mishahara ya madereva na wapishi, na PAYE yao huiwasilisha TRA kabla ya tarehe 7. Ritani ya VAT huiandaa kabla ya tarehe 20, na mwisho wa mwezi hufanya usuluhisho wa akaunti za benki na kumkabidhi mhasibu mkuu urari." Hakuna kishoka anayeweza kubuni hayo, maana hajawahi kukaa pale. Na ofisa akipiga simu, bosi atayarudia kwa maneno yake bila kuitafuta barua.

Akikataa kuandika majukumu, na wapo wanaokataa kwa sababu hawataki uondoke, bado njia ipo. Chukua hiyohiyo ya mistari mitatu. Ambatanisha mkataba, maelezo ya kazi uliyopewa ulipoajiriwa, hati za mshahara, taarifa ya michango ya NSSF yenye jina la kampuni, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia. Msimamizi aliyekuwa akikuelekeza anaweza kuandika barua kwa jina lake mwenyewe, aeleze cheo chake na namna ya kumpata. Juu ya vyote weka barua yako fupi ya maelezo: nilimwomba nani, lini, akanijibu nini, weka na nakala ya barua pepe ulizoandika. Ofisa halazimiki kuridhika, lakini ana haki ya kuupima ushahidi huo, na barua ya kweli iliyopungua ana pa kuanzia nayo.

Vivyo hivyo kwa hoteli, kama utagundua hizo alama 2 unazihitaji kweli. Mhasibu mkuu wa wakati ule yuko mahali fulani mjini. Anaweza kuandika barua kama mtu binafsi, aseme wazi kwamba hoteli imefungwa. NSSF bado wana michango yako. Na kwa wasomaji wengine walio kazini: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri Tanzania akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kidai siku unayoondoka. Kenya cheti hicho kipo pia kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, ila sheria hiyohiyo inasema mwajiri halazimiki kukuandikia barua ya sifa, kwa hiyo huko barua ya majukumu iombwe mkiwa bado mnaelewana.

Karatasi nyingine nitazipitia haraka. Baada ya mwaliko wa kuomba ukaazi una siku 60 tu za kuwasilisha maombi, basi barua za kazi ziwe tayari kabla. Cheti cha polisi kinadaiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo ndani ya miaka 10. Kama uliwahi kufanya kazi Dubai au Muscat, anza na hicho, kwa sababu kukipata ukiwa nje kunachukua muda. Vipimo vya afya tangu tarehe 21 Agosti 2025 vinafanywa kabla ya kuwasilisha maombi. Hati yoyote ya Kiswahili itafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, siyo kaka yako wala wakala wako. Fedha za kujikimu ziwe zako, siyo za mkopo: barua ya benki itaonyesha akaunti ilifunguliwa lini, salio la sasa, wastani wa miezi 6 na madeni uliyonayo. Wale wanaokukopesha milioni kadhaa kwa wiki moja "kupandisha salio" wanakuuzia kitu ambacho huo wastani unakifichua.

Na hapa naongea na kila anayesoma. Kwa mujibu wa kifungu cha 91 cha sheria ileile ya uhamiaji ya Canada, anayelipwa kukushauri au kukuwakilisha kwenye maombi haya lazima awe mwanasheria aliyesajiliwa Canada, au mshauri mwenye leseni ya College of Immigration and Citizenship Consultants. Leseni ya mshauri huanza na herufi R na kufuatiwa na tarakimu 6, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Jina lake lisipoonekana humo, hana leseni hiyo. Mwenye leseni atakupa mkataba na atajaza fomu IMM 5476 inayomtaja kama mwakilishi wako. Kishoka atakuambia ukiulizwa useme umejaza mwenyewe. Sentensi hiyo peke yake ni uongo wa kwanza kwenye faili lako, na sahihi ni yako. Kujifungulia wasifu wa Express Entry hakulipiwi hata senti. Na anayekuuzia "ofa ya kazi" ili upande alama anakuuzia kitu kilichofutwa: tangu tarehe 25 Machi 2025 ofa ya kazi haiongezi alama kwenye foleni ile.

Kwa wewe, dada yangu, kama wakala ameshashika pasipoti au vyeti vyako halisi, vichukue kwanza, ndipo umwambie humhitaji. Kama ndiye aliyefungua akaunti yako ya maombi kwa barua pepe yake, usiendelee nayo gizani: mtake akupe nywila, ingia mwenyewe, na usome kila mstari aliokwisha kuandika kwa jina lako. Ukikuta 11100, "Mhasibu" na tarehe usizozitambua, sahihisha kabla mwaliko haujafika.