Mtambo wa ILS ukikosea, rubani atajuaje?

SWALI: Asubuhi tuliyotoka Kisumu tulikuta Nairobi imefunikwa na ukungu. Rubani alitangaza kwamba anatua kwa ILS, mtambo wa redio unaoiongoza ndege kutua, na mimi dirishani sikuona kitu mpaka karibu na lami. Mtambo huo ukikosea, si tutagonga ardhi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Dada, hofu yako ina msingi, ila mtambo ukizimika rubani hupaa tena tu. Mimi ni fundi wa mitambo hiyo, na ninachokiogopa ni ule uliokosea huku ukiendelea kutuma mawimbi.

Ndani ya ILS, antena ya lokalaiza humwelekeza rubani katikati ya barabara ya kutulia. Antena ya glaidislopu humpa mteremko, kwa kawaida wa nyuzi 3. Wimbi la mteremko hubeba milio miwili: ndege ikiwa juu mno, ule wa hezi 90 (mitetemo 90 kwa sekunde) huzidi, ikiwa chini mno, huzidi wa 150. Ikilingana, sindano mbele ya rubani hukaa katikati. Kando ya antena kuna kifaa cha ulinzi. Mawimbi yakipotoka, huuzima mtambo, na bendera ya onyo humtokea rubani.

Usiku wa tarehe 29 Julai 2000, Boeing 767 ya Air New Zealand ilikuwa ikishuka Apia, Samoa. Ulinzi wa glaidislopu ulikuwa umeachwa kwenye hali ya matengenezo, hivyo haukuweza kuuzima mtambo, na waya wa kupeleka taarifa kwenye mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umeharibika. Mtambo ukatoa ishara ya “uko sawa” popote ndege ilipokuwa. Sindano katikati, bendera hakuna! Marubani walishtuka walipoona taa za nchi kavu na umbali haviendani na kimo chao. Wakapaa wakiwa chini ya futi 400, maili zipatazo tano na nusu kabla ya uwanja. Hapo walipaswa kuwa kwenye futi 1,700 hivi.

Hesabu iliyowaokoa ni nyepesi: karibu futi 300 kwa kila maili ya baharini iliyobaki. Rubani makini huipiga hata sindano ikiwa imetulia. Tena, kwa ILS ya daraja la kwanza, yaani la msingi, asipoona taa za uwanja akifika futi 200 juu ya ardhi, haruhusiwi kuendelea kushuka.

Upande wetu mafundi, sisaini daftari la matengenezo kabla sijaiona swichi ya ulinzi imerudishwa, na mnara umenithibitishia kwa simu kwamba wanaiona hali ya mtambo kwenye meza yao.