Kazi ya Forodha Utakayoipenda: Kwa Wanaoanza

Kazi ya kuondosha mizigo bandarini, kwa mtu anayeitazama kutoka nje, huonekana kuwa kazi moja, lakini ndani yake zimo kazi mbili zinazotaka watu wa tabia tofauti. Ya kwanza ni ya mezani: kusoma nyaraka za mteja, kuainisha bidhaa, kuandaa tamko la forodha, yaani maelezo rasmi ya mzigo yanayotumika kukadiria kodi, na kulifuatilia kwenye mfumo wa kompyuta hadi kodi ikadiriwe na kulipwa. Ya pili ni ya bandarini na kwenye bandari kavu: kusimamia ukaguzi wa kontena, kufuatana na maofisa wa Mamlaka ya Mapato, kupanga malori, na kuhakikisha mzigo unatoka kabla gharama za uhifadhi hazijaanza kuhesabiwa. Nimefundisha vijana wa pande zote mbili hapa Dar es Salaam, na wengi walioacha kazi mapema hawakupungukiwa akili wala bidii, bali walipangiwa upande usiowafaa, nao hawakuwa wameuliza lolote kabla ya kukubali.

Nitaieleza zaidi kazi ya mezani, kwa kuwa ndiyo isiyofahamika. Tuseme mteja ameleta kontena kutoka China, na ankara yake inasema kwa mstari mmoja tu kwamba ndani mna bidhaa za plastiki za nyumbani. Ukifungua orodha ya vilivyofungashwa unakuta ndoo, sahani, viti na midoli, na kila kimoja kina mahali pake katika kitabu cha ushuru: ndoo na sahani ziko sura ya 39, viti viko sura ya 94 pamoja na samani nyingine, na midoli iko sura ya 95. Ukishaipata sura, bado unatafuta namba kamili yenye tarakimu 8 katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao tangu Julai 2022 una viwango vikuu 4, yaani asilimia 0, 10, 25 na 35, mbali na bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Namba ikikosewa, mteja atalipa zaidi ya anachodaiwa, au atalipa pungufu kisha adaiwe baadaye pamoja na adhabu. Kuna kijana ambaye shughuli hii humchangamsha, akasoma maelezo ya sura nzima kabla ya kuamua, na kuna ambaye kwenye ankara ya tatu macho yameshahamia dirishani. Huyu wa pili asihesabiwe mvivu, kwa sababu nimeona watu wa namna hiyo wakipelekwa kwenye uwanja wa makontena, kwenye jua na kelele za mashine, wakawa ndio wanaotegemewa na ofisi nzima kila mzigo unapokwama.

Njia nzuri ya kujua wewe ni wa upande gani ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wengi huyachukulia kama fomu ya kujaziwa na kugongewa muhuri. Ukipata nafasi hiyo, omba ukae wiki kadhaa karibu na anayeandaa matamko, kisha uombe kufuatana na wanaokwenda bandarini. Kama umeshamaliza chuo, mtafute mtu anayeifanya kazi hiyo sasa umwombe akusimulie siku yake ya jana tangu asubuhi hadi jioni, kwa maana mshahara na cheo utavisikia hata usipouliza, ilhali mambo yatakayokuchosha au kukufurahisha kila siku huyasikii mpaka uulize.

Ukishaamua, jiandae kwa upande huo. Cheti cha EACFFPC, yaani cheti cha Afrika Mashariki cha kufanya kazi ya forodha na uwakala wa mizigo, kinachotambuliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na ambacho mafunzo yake hapa nchini hutolewa na Chuo cha Kodi, humsaidia sana anayetaka kazi ya matamko. Katika barua yako ya maombi taja kazi unayoitaka kwa jina na ueleze jambo moja ulilowahi kulifanya linalohusiana nayo. Barua inayosema kwamba mwombaji yuko tayari kwa nafasi yoyote humwachia mwajiri aamue, naye atakupanga palipo na pengo. Kwenye usaili unaweza kupewa ankara uainishe bidhaa papo hapo, na anayekusaili hatarajii uwe umezikariri namba. Anataka kukuona ukiuliza bidhaa imetengenezwa kwa kitu gani na inatumika kufanyia nini.

Nawe msaili mwajiri, hasa kuhusu uaminifu. Ofisi inayozoea kushusha kwenye matamko thamani ya mizigo ya wateja ili kodi ipungue itakutaka siku moja uandae tamko ambalo unajua ni la uongo, na hilo ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Hakuna anayeweza kuipenda kazi anayoifanya kwa hofu, hata ikiwa inalipa vizuri, na kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko yote niliyokwisha kuyaeleza.

Kuhusu masharti, kwa Tanzania Bara Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Yasome kabla ya kutia saini. Halafu uliza ni nani atakayepitia matamko yako katika miezi ya kwanza kabla hayajatumwa, na kama hakuna, omba apangwe mtu.