Maswali ya Wasomaji: Moto Unaongezwa, Kipimajoto Hakisogei

Nikichemsha viazi huacha moto mkali mpaka mwisho ili viive upesi. Mwenzangu anasema napoteza gesi bure. Nani mkweli?

Mwenzako. Maji yakishachemka sawasawa, halijoto yake husimama: nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari. Ukiongeza moto, utapata mvuke mwingi zaidi na wala si maji ya moto zaidi. Kiazi nacho huivishwa na halijoto ya maji. Wingi wa mapovu hakiujui.

Tazama hesabu. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji takriban kilojuli 336. Kuigeuza lita hiyo yote iwe mvuke, ikiwa tayari imefika 100, huhitaji kama kilojuli 2,260, karibu mara saba. Joto hilo la pili kipimajoto hakilioni, kwa sababu linatumika kuzitenganisha molekuli za maji badala ya kuziongezea mwendo. Ndilo linaloitwa joto fiche. Mwanasayansi Joseph Black alilichunguza katika miaka ya 1760 alipokuwa akifundisha Glasgow. Jiko linaloingiza kilowati 1 ndani ya maji litaichemsha lita hiyo kwa chini ya dakika 6. Kuanzia hapo, litakuwa likipeperusha gramu 26 hivi za maji kila dakika, na gesi yako imo humo.

Basi fanya hivi: maji yakichemka, funika, kisha punguza moto mpaka mapovu madogo yaendelee kupanda bila kukatika. Kifuniko kikianza kurukaruka, moto bado ni mkali. Kama povu linafurika, kisogeze kidogo, usikiondoe.

Ukitaka kasi ya kweli, kata viazi vidogo. Joto hupenya ndani ya kiazi polepole, na muda huo hufuata mraba wa unene: kipande chenye nusu ya unene hufikiwa katikati kwa karibu robo ya muda. Njia nyingine ni sufuria ya presha, ambayo huyabana maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120. Kwenye miinuko ndiyo yenye faida kubwa zaidi, maana kila mita 300 za kupanda hushusha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1. Chumvi isikudanganye. Ili lita 1 ya maji ipande nyuzi 1 tu juu ya 100, unahitaji karibu gramu 58 za chumvi, na kiazi hicho hakuna atakayekila.

Kwa nini mvuke wa birika huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, na vyote viwili viko kwenye nyuzi 100?

Kwa sababu ya joto fiche lile lile, safari hii likirudi. Gramu 1 ya maji ya nyuzi 100 ikipoa kwenye ngozi hadi nyuzi 37 huachia juli 265 hivi. Gramu 1 ya mvuke kwanza hugeuka maji na kumwaga juli 2,260, kisha hupoa kama yale maji. Jumla ni zaidi ya mara tisa.

Angalizo moja: wingu jeupe unaloliona si mvuke bali ni matone madogo yaliyokwisha kuanza kupoa. Mvuke wenyewe hauonekani. Uko kwenye ile nafasi tupu kati ya mdomo wa birika na wingu, na hapo ndipo watu hupitisha mkono. Unapofunua sufuria, inua kwanza ukingo wa kifuniko ulio mbali nawe.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na nguo isiyonata, usipake mafuta wala barafu. Jeraha kubwa, la usoni au la mtoto lipelekwe kwa daktari.

Nitajuaje kama kipimajoto changu cha jikoni kinasema kweli?

Tumia barafu inayoyeyuka. Maadamu barafu na maji vimechanganyika vizuri, halijoto haibanduki kwenye nyuzi 0, kwani joto lote linaloingia huishia kuyeyusha barafu, kilojuli 334 kwa kila kilo.

Ponda barafu, jaza bilauri mpaka juu, kisha mimina maji safi ya baridi yazibe mianya tu. Koroga, subiri dakika 2 au 3, ingiza ncha ya kipimajoto katikati bila kugusa chini wala ubavuni, na usome namba ikishatulia. Ikizidi au kupungua nyuzi 1, kirekebishe kama kina skrubu au kitufe cha kurekebishia. La sivyo, andika tofauti uwe unaitoa kikizidisha, au unaiongeza kikipunguza.

Kosa la kawaida ni maji mengi na vipande vichache vikielea juu. Maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, kwa hiyo hutuama chini, nawe utakilaumu kipimajoto kisicho na kosa. Barafu iliyotoka tu kwenye friza, ikiwa bila maji, nayo huwa chini ya 0. Na chumvi isiingie kabisa, kwani hushusha kiwango cha kuganda.

Nikiifunga barafu kwa blanketi, haitayeyuka haraka zaidi?

La, itachelewa. Blanketi halizalishi joto. Hewa iliyonaswa ndani yake hupitisha joto kwa shida, liwe linatoka mwilini mwako au linaingia kwenye barafu. Liwe kavu tu: likilowa, maji hushika nafasi ya hewa, nayo hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Weka barafu juu ya wavu ili maji yake yachuruzike.