Riwaya ya mapenzi na maafa kwa vijana: anza na saa ya janga

Rasimu nyingi za aina hii huharibika mapema: mwandishi hupanga mapenzi, kisha hutafuta tetemeko la kuyapamba. Geuza mpango. Andika kwanza ratiba ya janga, ndipo uwatafutie wapenzi nafasi ndani yake.

Chukua mfano wa meli ya Titanic: iligonga mwamba wa barafu saa 5:40 usiku, tarehe 14 Aprili 1912, ikazama saa 8:20. Una saa 2 na dakika 40 tu. Lakini mashua ya kwanza ilishushwa karibu saa nzima baada ya kugonga, tena haikujaa, kwa kuwa abiria wengi hawakuamini kuna hatari. Saa hiyo ya kwanza ndiyo ya utani na kununiana. Baadaye hakuna nafasi. Mashua zilitosha watu 1,178, na melini walikuwamo zaidi ya 2,200. Wanawake na watoto kwanza: je, mvulana wa miaka 15 ni mtoto au mwanamume? Swali hilo linabeba sura nzima. Msomaji anajua meli itazama, kwa hiyo taharuki itoke kwenye maswali madogo kama hilo.

Wapenzi wakikumbatiana kwenye maji ya nyuzi 2 chini ya sifuri, vidole huishiwa nguvu kwa dakika chache na pumzi hukatika. Hotuba ya mapenzi ya aya tatu? Futa.

San Francisco, 1906, mambo ni tofauti: tetemeko lilipita upesi, moto ukawaka kwa siku kadhaa kwa sababu mabomba ya maji yalipasuka. Hapo mapenzi yanaweza kukua polepole, kambini, kwenye foleni ya chakula.

Kwa wakati ujao, sogea miaka 15 au 20 na ubadilishe jambo moja kubwa, kwa mfano kina cha bahari kilichopanda. Ukibadilisha kumi utatumia sura nne kueleza. Simu usiizime kimuujiza: mtandao hulemewa kwanza, kisha umeme ukikatika minara mingi hubaki na betri za saa chache. Ujumbe mfupi mara nyingi hupenya pale ambapo kupiga kunashindikana, kwa hiyo maneno ya mwisho yawe ya maandishi, na yafike kwa kuchelewa.

Wazazi nao usiwaue sura ya kwanza. Watenganishe na watoto kwa barabara iliyofungwa. Kijana atalazimika kuchagua amfuate nani.