Nusu saa baada ya usafi wa mtaa

Mtoto wa jirani alimwagikiwa uji wa moto mkononi miezi 14 baada ya mimi kumaliza mafunzo ya huduma ya kwanza. Nilifika wa kwanza, nikaganda. Daftarini nilishaandika kwamba aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kutiririka kwa dakika 20, lakini saa ile kichwani hakikuja kitu, na bibi yake alishafungua dawa ya meno. Alipotaka kuipaka ndipo nikazinduka. "Bibi, shikamoo, naomba tumwagie maji kwanza." Tukachota kwa kopo, tukammwagia taratibu hadi kilio kikapungua, ndoo mbili nzima.

Cheti kilikuwa kabatini, bado hakijaisha muda. Tangu siku hiyo sipitishi mwezi bila mazoezi, na nakusihi nawe uliyejitolea mtaani kwako ufanye hivyo.

Sisi tunakaa Kigogo, Dar es Salaam, karibu na Mto Msimbazi, na waliokuwepo Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Siku yetu ya mazoezi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wameshatoka kwa usafi, mitaro imezibuliwa, basi tunabaki nusu saa. Tunakunja godoro, tunapokezana kulikandamiza kama kifua cha mtu aliyeacha kupumua: mara 30, pumzi mbili, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, mmoja akishika saa. Godoro si kifua cha mtu, kina chake hakikufundishi, ila mwendo unakuingia. Ikikaribia dakika ya pili mabega yanawaka, na hapo ndipo unapojifunza kumpisha mwenzako bila kuacha pengo.

Kwa mtu anayezama, tunarusha dumu. Chukua dumu tupu la lita 20, tia maji kidogo lipate uzito, kaza kizibo, funga kamba kwenye mpini. Mara ya kwanza langu liliangukia pembeni kabisa. Sasa naliweka karibu na alama mara nyingi. Maji yanayokwenda kasi usiyaingie, hata kama unajua kuogelea, kwa sababu ukichukuliwa wewe, wenzako watakuwa na watu wawili wa kuokoa.

Moto una mazoezi yake, na mengi ni ya miguu. Vichochoro vyetu havipitishi gari la zimamoto, kwa hiyo tulitembea mtaa mzima kutafuta linapoweza kufika, tukakubaliana nani anapiga 114, nani anakimbilia barabarani kuwapokea na kuwaongoza.

Mkoba wa huduma ya kwanza ukague pia. Joto hufanya glavu zinatane, na betri zikivuja tochi imekufa.

Kazi inayosahaulika kuliko zote ni orodha ya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu. Wapangaji wanahama. Mwezi uliopita tulibisha mlango ambao daftari lilisema anakaa kijana na mkewe. Akafungua mzee asiyeona, ana wiki tatu pale, mwanawe anashinda kazini, na chumba ni cha pili kutoka mtoni. Tulimwomba mjumbe atutambulishe vizuri, tukahesabu naye hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, na kijana wa chumba cha jirani akakubali kwamba mvua ikikaza, anaanza na yeye.