Barua kwa mwanangu: alale chali, acheze kifudifudi

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Umeniuliza kama umsikilize shangazi yako, umlaze mjukuu wangu kifudifudi usiku ili kisogo kilichobapa upande wa kulia kirudi. Hapana. Kila anapolala, usiku au mchana, alale chali, bila mto. Hata ule mto wenye shimo la kutengeneza kichwa, urudishe dukani. Mwaka 1994 Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa karibu nusu. Ni kweli vichwa bapa viliongezeka, lakini kichwa bapa hakiui mtoto.

Na shangazi asimkande mtoto kichwa. Mifupa ya pale bado laini, haijaungana. Ndiyo maana kimebapa, na ndiyo maana kinaweza kujirudi: ubongo unavyokua unakisukuma kutoka ndani, ili mradi pale palipobapa pasiendelee kulaliwa.

Kazi yote iko mchana, akiwa macho. Tandika mkeka, mlaze kifudifudi, nawe ulale mbele yake mtazamane. Atalia, huyo mume wangu ana hasira za babu yake. Anza na dakika mbili tatu, kila baada ya kumbadilisha nepi, uongeze kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema zifike angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipindi. Akikataa mkeka, mlaze kifuani kwako, ila wewe usisinzie.

Kitanda chake umekisukuma ukutani, kwa hiyo siku nzima anageukia upande mmoja tu, uliko wewe na mlango. Leo mlaze kichwa huku, kesho miguu iwe ilipokuwa kichwa, ili akikutafuta ageukie kushoto. Ukimbeba kwenye mbeleko mgeuze shavu, na hakikisha pua iko wazi. Kile kiti cha gari ni cha garini. Mkifika nyumbani mtoe.

Sasa lililonifanya nikae niandike. Umesema, kama jambo dogo, kwamba titi moja analikataa. Hilo linanisumbua kuliko kisogo. Mtoto anayegeuza kichwa upande mmoja tu na kukataa titi moja huenda msuli wa shingo umekaza, ule unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi kifuani. Ukikaza, kichwa kinainamia upande wake na uso unageukia upande wa pili. Miaka yangu ya kliniki nimeona akina mama wakidhani maziwa ya upande ule ni machungu! Papasa shingo taratibu wakati wa kumwogesha. Ukikuta kivimbe kigumu, usishtuke, mara nyingi huisha chenyewe, lakini kionwe. Kwa titi analolikataa, jaribu kumshikilia chini ya kwapa lako, miguu yake ikielekea nyuma yako.

Usimnyooshe shingo kwa nguvu, wala usimwachie mtu yeyote afanye hivyo. Wiki ijayo ana chanjo ya wiki ya 10. Usichome sindano ukaondoka. Mwambie nesi aangalie shingo, na uombe rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Mazoezi yakianza kabla ya miezi mitatu, shingo huitika haraka. Wakikuzungusha huko Arusha njoo, hapa hospitali ya KCMC ndipo hata wanapofundishwa wataalamu hao, na chumba chako kipo.

Usisubiri chanjo ukiona utosi umevimba akiwa ametulia, au ukipapasa tuta gumu kama ukingo kwenye maungio ya mifupa ya kichwa. Siku hiyohiyo nenda hospitali.

Kesho ukishamwogesha, nywele zikiwa bado zimelowa, mpige picha kutokea juu ya utosi, masikio yote mawili yaonekane. Nataka kuona kama sikio la kulia limesogea mbele. Nitumie kabla sijaenda sokoni.

Mama yako